Wembe hunolewa mara ngapi? Kinyozi mzee wa Elwak ajibu

Wahenga wetu walisema kinyozi hajinyoi. Nami niliamini hivyo mpaka siku niliyofika Elwak nikamkuta mzee mmoja, umri wake umeshapita miaka sabini, ameketi juu ya kigoda mlangoni pa kibanda chake, kioo kidogo amekitundika kwenye msumari, anajinyoa kwa wembe wa kukunja wa zamani. Ndevu za kidevuni alikuwa amezitia hina, hizo hakuzigusa. Za mashavuni na shingoni ndizo alizokuwa akiziondoa, polepole, bila ya haraka wala wasiwasi, na kioo chenyewe alikitazama mara moja moja tu.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza, wembe una nini hata uandikiwe makala gazetini? Nami nitakujibu kwamba hakuna mtu wa pwani ambaye wembe haukumpitia. Mtoto akifika siku ya saba hunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Bwana harusi hukaa mbele ya kinyozi kabla ya kukaa mbele ya kadhi. Haji akimaliza kutupa mawe na kuchinja kule Mina, hutafuta kinyozi. Na katika mambo matano ya fitra aliyoyapokea Abu Huraira kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, yaani tohara, kunyoa nywele za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa kwapa, lile la pili limetajwa kwa neno istihdadi, nalo limetokana na hadidi, yaani chuma.

Basi tumeambiwa habari za nywele, na muda wake tumewekewa. Anas bin Malik amepokea kwamba mambo hayo yasiachwe yakapita siku arobaini. Lakini chuma chenyewe kinolewe kila baada ya siku ngapi? Hilo limeachiwa watu wa kazi na ujuzi wao, na mimi nililikosea kwa muda wa miaka ishirini.

SAFARI YA ELWAK

Nilikwenda Elwak kuhudhuria nikahi ya mtoto wa rafiki yangu. Kutoka Mombasa tulishika njia ya Malindi na Garsen, tukauandama Mto Tana hadi Garissa, kisha tukaelekea kaskazini kwa njia ya Wajir. Ukivuka Garissa, minazi unaisahau. Mbele yako ni nchi tambarare, miiba, ngamia na vumbi.

Elwak ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Mandera, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Gedo nchini Somalia, upo mji mwingine wenye jina hilo hilo. Jina lenyewe ni la visima: 'ceel' kwa Kisomali ni kisima, na Waaq ni jina walilomwita Mungu watu wa nchi hizo kabla ya Uislamu kuwafikia. Na jina hilo limesafiri mbali kuliko watu wengi wanavyodhani. Tarehe 16 Desemba 1940, katika Vita Vikuu vya Pili, majeshi yaliyokuwa upande wa Waingereza, nayo yalitoka Afrika Kusini na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yaliwashambulia Waitaliano hapo Elwak na kuwashinda. Ndiyo maana mpaka leo mjini Accra kuna uwanja wa michezo uitwao El Wak.

Nilipowasili nilikuwa na ndevu za safari na vumbi la njia, na nikahi ilikuwa kesho yake. Ndipo nikaelekezwa kwa mzee huyo.

Nilimwamkia kwa salamu ya Kiislamu, akaitikia, kisha akanijibu kwa Kiswahili kilichonishangaza, maana kilikuwa cha Mji wa Kale wa Mombasa. Kumbe alishukia pwani akiwa kijana, akawekwa chini ya kinyozi mmoja Mwarabu, na kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa ni kufagia nywele na kutazama. Mwaka wa nne ndipo alipopewa wembe mkononi. Akarudi kwao na ufundi wake, na kwa ufundi huo akalea watoto.

Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia naandika, tena natunga mashairi, na utotoni nilikaa chuoni kwa maalimu kama watoto wote wa mtaa wetu.

"Basi karibu, Maalim," akasema. "Keti. Nywele za safari si za kukaa nazo."

WEMBE WA MAREHEMU

Katika mkoba wangu nilikuwa na wembe wa marehemu baba yangu. Ni wembe wa kukunja, mpini wake wa pembe, chuma chake kimepigwa muhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani ambao kwa muda mrefu umesifika kwa visu na nyembe, kama ulivyosifika mji wa Sheffield wa Uingereza. Baba alinachia huo, mas-hafu wake na saa ya ukutani. Mas-hafu nausoma, saa inakwenda, lakini wembe ulikuwa umeharibika mikononi mwangu, sijui kwa nini. Kila nikiunyolea ulivuta nywele badala ya kuzikata, na shingo yangu ilifanya vipele vyekundu. Nami nilikuwa na sababu ya kutaka upone: mwanangu wa kike alikuwa karibu kujifungua, na nilikuwa nimeazimia kwamba mjukuu wangu wa kwanza atanyolewa siku ya saba kwa wembe wa babu yake mkuu.

Nikamtolea mzee wembe ule. Hakuugusa makali kwa kidole gumba kama nilivyozoea kufanya mimi. Aliufungua, akautazama mgongo wake, kisha akaulaza juu ya kioo chake kilichokuwa tambarare, akainama kuangalia chini yake kunakopita mwanga.

"Umeunoa mara ngapi?" akauliza.

"Kila wiki, Mzee. Kila Alhamisi jioni. Haijanipita hata moja."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Ndivyo alivyofanya baba. Nilimwona kwa macho yangu tangu utotoni. Kila Alhamisi baada ya alasiri alikuwa akiunoa wembe wake barazani, tayari kwa Ijumaa."

"Aliunoa kwa nini? Kwa jiwe?"

Hapo nilinyamaza. Nikamwona baba tena katika fikra zangu, ameketi barazani, mkono mmoja umeshika kitu kirefu kilichofungwa kwenye nondo ya dirisha, mkono wa pili unakwenda na kurudi, na mlio wake ni taf, taf, taf. Halikuwa jiwe. Ulikuwa ukanda wa ngozi.

"Baba yako hakuwa akinoa," akasema yule mzee. "Alikuwa akipiga ukanda. Wewe ndiye uliyekuwa ukinoa. Kutu haikuula wembe huu, Maalim. Umeula wewe kwa jiwe."

NENO MOJA, KAZI MBILI

Kosa langu lilitokana na lugha, nami mtu wa lugha! Kiswahili chetu chatumia neno moja, kunoa, kwa kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Kupiga wembe katika ukanda twaita kunoa, na kuusugua juu ya kinoo pia twaita kunoa. Mtoto aliyeona kwa mbali akasikia neno akalichukua neno, akaacha kitendo.

Yule mzee alinieleza tofauti yake hatua kwa hatua, nami nayaleta hapa kama alivyoyasema, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Makali ya wembe si kama ya kisu cha jikoni. Ni membamba mno, hata upana wa ncha yake ni mdogo sana kuliko unene wa unywele mmoja. Ukinyoa, ncha hiyo hujipinda na kuyumba huku na huku, ingawa jicho halioni. Ukanda wa ngozi hauondoi chuma cha kuhesabika. Kazi yake ni kuisafisha ncha na kuinyosha irudi mahali pake. Ndiyo maana katika ukanda wembe huburutwa kinyumenyume, mgongo mbele na makali nyuma. Ukifika mwisho, waugeuza kwa kuubingirisha juu ya mgongo wake, wala si juu ya makali, kisha warudi. Ukiubingirisha juu ya makali utaukata ukanda na utauharibu wembe kwa pigo moja. Ukanda uwe umekazwa usilegee, na mkono usikandamize. Mara thelathini au arobaini kwenda na kurudi zatosha.

Jiwe ni jambo jingine. Jiwe hula chuma. Linaondoa ncha iliyochoka na kufanya ncha mpya. Katika jiwe wembe hulazwa chapa, mgongo na makali vyote viwili viguse jiwe, na safari hii makali ndiyo yanayotangulia, kana kwamba wataka kulimenya jiwe ganda jembamba. Mgongo wa wembe ndio kipimo chake: fundi aliyeutengeneza amekwisha kukuwekea pembe inayotakiwa, wewe kazi yako ni kutouinua tu. Lakini kwa kuwa mgongo nao hugusa jiwe, nao pia huliwa. Ndiyo sababu yule mzee aliuangalia mgongo kwanza. Mgongo ndio unaotoa ushahidi wa mambo aliyoyafanya mwenye wembe.

Na ushahidi wa wembe wangu ulikuwa mzito. Mgongo ulikuwa umelika bapa, upande mmoja zaidi ya wa pili. Na makali, badala ya kunyooka, yalikuwa yameingia ndani katikati kama mwezi mwandamo. Sababu yake ni kinoo chenyewe: nilitumia kinoo cha visu vya jikoni, ambacho kwa kunolewa visu vya samaki miaka na miaka, kilikwisha kuchimbika katikati.

NYWELE NAZO HULA CHUMA

Msomaji mwenye akili atauliza: nywele ni laini na chuma ni kigumu, vipi basi laini limchoshe mgumu? Swali hili waliliuliza hata wataalamu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Massachusetts, Marekani, walitoa katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao. Walinyoa, wakayatazama makali kwa darubini za elektroni zenye nguvu nyingi. Chuma cha wembe kina ugumu unaoushinda unywele kama mara hamsini, hata hivyo waliona vibanzi vidogo sana vya chuma vikimeguka. Sababu waliyoipata ni kwamba unywele ukijipinda wakati wa kukatwa huisukuma ncha upande, na pale penye udhaifu kidogo ndani ya chuma hapo ndipo panapomeguka.

Niliposoma habari hiyo niliikumbuka methali yetu: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tumeichukua kwa maana ya kujitayarisha na balaa, na ni maana sahihi. Lakini hata kwa maana yake ya juu juu ina hekima. Unywele uliolowa maji hulainika na kukatika kwa wepesi zaidi kuliko mkavu. Anayelowesha nywele zake vyema kwa maji ya moto na sabuni, dakika mbili au tatu kabla ya kunyoa, anaihurumia ngozi yake na anauhurumia wembe pia. Yule mzee wa Elwak, pamoja na uhaba wa maji katika nchi yake, hapunguzi hapo. Alinifunga kitambaa cha maji ya moto usoni, akaniacha nikae nacho hata kikapoa.

HESABU YA MIEZI

Sasa tuje kwenye jibu. Wembe hunolewa mara ngapi?

Ukanda ni kila unaponyoa, kabla ya kunyoa, bila ya kuruka. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na anayeishika hiyo atalihitaji jiwe mara chache mno.

Jiwe laini la kumalizia ni pale ukanda unaposhindwa. Mtu anayejinyoa kila siku kwa wembe mmoja aghalabu hufika hapo baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Tuchukue wiki nane, yaani kama kunyoa mara hamsini na sita. Basi mtu kama mimi, ninayejinyoa kwa wembe huo siku ya Ijumaa peke yake, kunyoa mara hamsini na sita ni zaidi ya mwaka mzima! Mimi nilikuwa nikiupeleka kwenye jiwe mara hamsini na mbili kwa mwaka, mahali palipotakiwa mara moja. Kwa miaka ishirini ni zaidi ya mara elfu moja, badala ya ishirini. Ni ajabu kwamba kilibaki chuma cha kuzungumziwa.

Jiwe la kukwaruza, lile kali, si la matengenezo ya kawaida. Hilo ni tiba ya wembe ulioanguka ukapata pengo, au ulioliwa na kutu. Wembe unaotunzwa waweza kumaliza maisha ya mwenyewe bila ya kulionja.

Na usingoje kalenda ikwambie. Wembe wenyewe husema. Dalili ya kwanza ni mlio: wembe mkali unaponyoa hutoa mlio mwembamba na ulio sawa, na ukianza kuchoka mlio hukatikakatika. Dalili ya pili ni mvuto. Ya tatu ni wekundu wa ngozi. Mtu akisubiri ya tatu amechelewa, na akinoa kabla ya kuiona ya kwanza amewahi bure.

Zamani huko Ulaya viwanda vilikuwa vikiuza nyembe saba katika sanduku moja, kila mmoja umeandikwa jina la siku yake, kwa imani kwamba wembe ukipumzika makali hujirudi. Nilipomtajia mzee habari hiyo alitabasamu. Akasema yeye hajui kama chuma huchoka na kupumzika, lakini ajualo ni kwamba mwenye nyembe saba kila mmoja wampa kazi mara moja kwa wiki, na kwa hiyo lazima zikae sana bila ya kunolewa.

BAHARI NA VUMBI

Kila nchi ina adui wake wa wembe. Kwetu pwani ni hewa ya bahari. Nyembe hizi za zamani ni za chuma kinachoshika kutu, na unyevu wenye chumvi hauhitaji usiku mzima kufanya kazi yake. Usiurudishe wembe ndani ya mpini wake ungali na maji, kwani maji hujificha pale penye msumari wa kiungo. Uoshe, ufute kwa kitambaa kikavu, uache wazi kwa muda, kisha kama hutautumia kesho uupake tone la mafuta ya cherehani. Wengi wetu hupaka mafuta ya nazi kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu, lakini hayo hukaa yakaganda na kunata. Na wembe usiwekwe chooni, mahali pa mvuke.

Elwak hakuna bahari, lakini kuna vumbi. Chembe moja ya mchanga ikiingia katika ukanda, kila unapopiga wembe ni kama unaupiga juu ya msasa. Kwa hiyo ukanda wa yule mzee, ambao ni wa ngozi ya ngamia aliyoilainisha mwenyewe, haukai umening'inia ukutani. Huukunja akautia katika mfuko wa kitambaa, na kabla ya kuutumia huupangusa kwa kiganja chake, maana kiganja huhisi mchanga ambao jicho halioni. Kadhalika maji ya visima ya nchi ile, ambayo ardhi yake ina jasi nyingi, ni maji mazito. Yakiachwa yakakauka juu ya chuma huacha ukoko mweupe. Ndiyo maana hata huko kukavu wembe lazima ufutwe, usiachiwe upepo.

Baada ya sala ya alasiri aliushughulikia wembe wangu. Hakuanza na jiwe. Alichukua msasa wa maji, ule utumiwao na wapaka rangi za magari, namba 1000, akaulaza juu ya kipande cha kioo kinene, kwa kuwa kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko mawe yote ya sokoni. Hapo aliyasawazisha makali yaliyoingia ndani. Kisha namba 2000. Kisha ndipo alipotoa kijiwe chake kidogo cha rangi ya maziwa, alichopewa na yule kinyozi Mwarabu wa Mombasa, akakitia tone la maji. Mwisho ni ukanda. Magharibi ilipokaribia, aliupitisha juu ya nywele za mkono wake bila ya kugusa ngozi, na nywele zikaanguka.

"Umekuwa mwembamba," akasema, "lakini una uhai. Usiutie jiweni mpaka mwakani siku kama ya leo. Na kinoo kile kirudishe jikoni."

WEMBE NI ULE ULE

Hapo nikamwambia habari ya mjukuu anayetarajiwa. Nikamwambia pia kwamba kesho asubuhi, kabla ya nikahi, ningependa aninyoe kichwa kwa wembe huo huo wa baba, au kwa wake.

Akatikisa kichwa. Akafungua kijaluba, akatoa kishikio cha wembe cha kisasa na karatasi yenye wembe mpya, akauvunja kati mbele ya macho yangu, nusu akaitia katika kishikio.

"Wateja wangu hunyolewa kwa hizi," akasema. "Kila kichwa na chake, kisha naitupa ndani ya chupa. Wembe ulioniona nikijinyolea, ule hunyoa kichwa kimoja tu duniani, nacho ni changu. Na huu wa baba yako uwe wako peke yako. Mtoto mnunulie mpya."

Nikamwambia kwamba baba alikuwa akiwanyoa majirani barazani kila Alhamisi, mmoja baada ya mwingine, wembe ule ule, bakuli moja la maji na kipande cha shabu cha kukatia damu, na hakuna aliyeona vibaya.

"Hata mimi nilifanya hivyo," akajibu. "Tulikuwa hatujui. Aliyejua akaendelea, huyo ana la kujibu."

Ndugu msomaji, sisi tuna msemo kwamba wembe ni ule ule, yaani kilichomnyoa fulani ndicho kitakachomnyoa na mwenziwe. Kwa siasa na michezo msemo ni mtamu. Kwa kinyozi ni hatari. Ukimwi ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, na tangu hapo tumefundishwa habari ya damu kukutana na damu. Lakini wengi hawaijui homa ya ini ya aina ya B, ambayo virusi vyake vyaweza kukaa nje ya mwili, katika damu iliyokauka isiyoonekana kwa jicho, vikawa hai muda wa siku saba au zaidi. Wembe ulionyoa Alhamisi hii waweza kuwa bado una sumu Jumatano ijayo. Ukanda hausafishi hilo. Jiwe halisafishi hilo. Na kuuchovya wembe katika maji ya bakuli kunafanya maji yawe machafu, basi.

Hapa ndipo ilipo faida ya uvumbuzi wa Mmarekani King C. Gillette, aliyeanza kuuza nyembe zake za kutupa mwaka 1903. Mwaka huo wa kwanza aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu, na watu wengi waliona ni upuuzi kununua chuma cha kutupa. Leo kila duka la mtaani lina hizo nyembe, na bei yake haimshindi kinyozi yeyote mwenye wateja. Kwa kichwa cha mtu mwingine hakuna hoja tena: ni wembe mpya, ufunguliwe mbele yake, na ukishatumika utupwe mahali ambapo mtoto hataushika. Nawe unayekwenda kunyolewa usione haya kudai kuuona ukifunguliwa. Kinyozi mwema hatakasirika.

Wembe wa kukunja basi umebakiwa na kazi gani? Umebaki kwa mtu na uso wake mwenyewe, kwa anayependa kazi ya mkono na subira yake. Huyo ndiye anayehitaji kujua kupiga ukanda na kunoa, na adabu yake ni moja na ile aliyotufundisha Mtume katika hadithi ya Shaddad bin Aus, kwamba Mwenyezi Mungu ameamuru wema katika kila kitu, hata anayechinja na akinoe kisu chake, ampumzishe mnyama. Ikiwa mbuzi ana haki ya makali mazuri, shingo ya binadamu haina? Na katika wema huo mna kutomdhuru mwenzio kwa damu ya mwingine.

Yule mzee alikataa malipo ya wembe, akapokea ya kunyoa tu. Badala yake akaniomba beti moja, kwa kuwa alisikia natunga. Nikamwachia hii, aibandike karibu na kioo chake:

Wembe ukisha kunyoa, uoshe kisha kausha,
Ngozi nayo hukomboa, makali huyarejesha,
Mno kwa jiwe kunoa, chuma utakikondesha,
Wembe mmoja kunyoa, wawili wahatarisha.

Mjukuu alizaliwa wiki tatu baada ya mimi kurudi Mombasa, mtoto wa kiume. Siku ya saba alinyolewa kwa wembe mpya niliounua dukani, na nywele zake zikapimwa, fedha yake ikatolewa sadaka. Wembe wa babu yake mkuu ulikuwapo, umekunjwa mfukoni mwangu. Kinoo kimerudi jikoni kwa samaki. Na kila Ijumaa asubuhi naufunga ukanda kwenye nondo ile ile ya dirisha, napiga mara arobaini, na mlio ni ule niliousikia utotoni.